Hedifoni Hazikuwa Hongo

Niliweke sawa kwanza hili la hongo, maana limezunguka mtaani hadi likarudi mlangoni kwangu likiwa limevaa nguo za kweli. Hedifoni nyeusi ambazo marehemu mume wangu alizivaa kila asubuhi kwenye treni, kwa miaka minne ya mwisho ya maisha yake, hakupewa na kiwanda. Hakupewa na wakili wa kiwanda. Hakupewa na mtu yeyote. Tulizinunua wawili, yeye na mimi, mchana kweupe, baada ya kujaribu jozi tano kwa wiki tano, na risiti ninayo. Anayetaka kuiona aje, asimame mlangoni, nitamwonyesha. Kiti sitampa.

Wanaosema zilikuwa malipo ya kumuuza shahidi wanasema hivyo kwa sababu ya tarehe. Shahidi alitoweka mwezi wa tatu. Hedifoni zikaonekana kichwani mwa mume wangu mwezi wa nne. Mtaa ukajumlisha. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, na nimeona watoto wengi wakipata jibu la uongo kwa kujumlisha vitu viwili vya kweli. Tarehe ni za kweli, jibu ni la uongo. Nitaeleza yaliyotokea kwa mpangilio wake, na atakayeendelea kusema vingine baada ya hapa atakuwa anasema kwa kupenda.

Mume wangu alikuwa mnakili wa baraza la usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mwajiri na mwajiriwa waliofikishana huko walirekodiwa kila neno, na yeye akapewa rekodi azichape kama zilivyosemwa, kikohozi pamoja. Ofisi yake ilikuwa chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha linalotazama ukuta, meza mbili, kabati la chuma, na feni iliyogonga kila ilipofika kushoto. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Rekodi aliisikiliza yote mara ya kwanza bila kugusa mashine. "Masikio kwanza, vidole baadaye," alikuwa akisema. Na pale mtu aliponyamaza, hakuweka nukta nukta kama wenzake. Alihesabu, kisha akaandika katika mabano: kimya, sekunde saba. Kimya, sekunde ishirini na mbili. Mawakili walimcheka mwanzoni, baadaye wakaanza kusoma mabano kabla ya kusoma maneno. Ofisini wakamwita Sekunde, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Hata kwangu hakuacha. Mimi nikikasirika huwa sisemi, ndivyo nilivyolelewa. Basi yeye alikuwa akitazama saa ya ukutani na kutikisa kichwa kama hakimu.

"Mwalimu, kimya, dakika arobaini. Niendelee kuandika?"

"Andika mpaka wino uishe."

"Wino upo. Chakula je, kipo?"

Nilicheka bila kutaka, na vita vikaishia hapo. Hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa rafiki wengi. Alipiga pasi mashati yake mwenyewe, Jumapili jioni, matano kwa mpigo. Miwani yake ilikuwa na fremu nene ambayo nilimwambia mara mia aibadilishe. Mama yake alipata kuniambia, siku za mwanzo za ndoa yetu, "Mwanangu huyu ukimwambia siri umeitia kisimani." Niliyaamini maneno hayo wakati ule na ninayaamini leo.

Kutoka nyumbani hadi baraza ilikuwa saa moja na robo ya treni. Kanuni ziliruhusu mnakili kwenda na kinasa sauti nyumbani, kwa sahihi, ndani ya mkoba wenye kufuli. Kanuni hazikusema lolote juu ya kusikiliza njiani. Mume wangu alipanda behewa la tatu, akakaa kiti cha dirishani, akasikiliza ile mara ya kwanza njia nzima, na alipofika ofisini vidole vilikuwa tayari. Alifanya hivyo miaka mingi, na hedifoni za ofisi. Zile zilipokatika waya na ofisi ikasema subiri bajeti, akaamua kununua zake.

Sasa naandika jambo nililolikalia miaka sita. Hedifoni zile za kwanza, si hizi nyeusi, zile zilizotangulia, nilimchagulia mimi.

Alinijia mezani nikiwa nasahihisha mitihani ya muhula.

"Mwalimu, dukani wanasema kuna za wazi na kuna za kufunga. Za wazi zina matundu huku nyuma. Nichukue zipi?"

"Za wazi," nilimjibu bila kuinua kichwa. "Sauti inapumua. Za kufunga zitakupika masikio, na utavuka reli husikii kinachokujia."

"Na jirani wa kiti hatasikia?"

Hapo niliinua kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimeulizwa swali la somo langu. Nilimchorea pembeni mwa karatasi ya mtoto wa watu: kelele za behewa mstari mrefu, sauti inayovuja mstari mfupi. Kubwa humeza ndogo. "Treni ikitembea," nilimwambia, "hata ukiimba hawatakusikia."

"Basi mwenye somo kasema," akasema, akaenda kuzinunua.

Hesabu ile ilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa sijapanda treni ya asubuhi kwa miaka tisa; shule yangu ilikuwa karibu, nilikwenda kwa miguu. Sikujua kwamba kila siku, kabla ya stesheni kuu, treni husimama kwenye makutano ya reli kuisubiri treni ya mizigo ipite. Injini huzimwa. Watu, kwa kuwa ni asubuhi na wamechoka kabla ya kazi, hawazungumzi. Hukaa hivyo dakika kumi na moja. Mimi nilipiga hesabu ya treni inayotembea. Ya treni iliyosimama hakuniuliza, nami sikujiuliza. Mganga hajigangi, na mwalimu akikosea hana wa kumsahihisha.

Kesi ilikuwa ya kiwanda cha magodoro kilichoungua. Wafanyakazi wanne hawakutoka. Mwajiri alishikilia kwamba mlango wa dharura ulikuwa wazi. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyejua kwamba haukuwa wazi, akakubali kusema, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe na kikao kiwe cha faragha. Katika kumbukumbu aliitwa Shahidi wa Nne. Lakini mtu hawezi kusema alichokiona bila kusema alisimama wapi. Alisema: "Kufuli nilipewa mimi nifunge. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu." Katika kiwanda kizima mtu aliyevaa ufunguo shingoni alikuwa mmoja, mtunza stoo. Baada ya maneno hayo alilia, akaomba maji.

Alisema hayo Jumatatu. Jumanne asubuhi mume wangu alimsikiliza kwenye treni. Alhamisi wakili wa kiwanda alisimama barazani na kumtaja mtunza stoo kana kwamba alikuwapo chumbani. Ijumaa shahidi alitakiwa kurudi kuulizwa maswali, hakurudi. Waliokwenda kumtazama walikuta mlango wa chumba chake umeegeshwa, kitanda kimetandikwa, na viatu vyake vya kazi vimepangwa chini ya kiti, visigino vikielekea ukutani. Hadi leo ninapoandika hakuna anayejua kama alikimbia au alikimbizwa. Kesi ilianguka kwa kukosa shahidi.

Jumapili ile mume wangu hakupiga pasi. Alikuwa akijiuliza nani kasema. Alimshuku karani, akamshuku mlinzi, akaona haya kwa kuwashuku. Jumatatu akapanda treni na rekodi ileile, akitaka kujua kama mwenyekiti aliteleza mahali fulani akataja jina. Treni ikasimama kwenye makutano. Mbele yake alikaa bibi mmoja mwenye kikapu magotini. Bibi akamgusa goti.

"Baba, samahani. Huyo mama anayelia masikioni mwako kapatwa na nini?"

Mume wangu akavua hedifoni. "Mama yupi, bibi?"

"Huyo. Wiki iliyopita pia alikuwa akilia. Anaomba maji. Mbona hawampi?"

Mume wangu aliniambia kwamba alizitazama hedifoni mkononi mwake, na mwanamke yule aliendelea kulia pale pale, mbele ya watu, kwa sauti ya mdudu. Behewa zima lilikuwa kimya. Wengine walikuwa wakitazama dirishani kwa adabu.

Jioni alifika nyumbani, hakuvua viatu. Alisimama jikoni akaniambia sentensi moja: "Treni ilikuwa imesimama."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria, na nilikiona kile kichoro changu, mstari mrefu na mstari mfupi, kama kilichorwa juu ya kifuniko. Nikangoja anitajie. Hakunitajia. Akaenda kunawa.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa baraza, hakuitwa, akasema kosa ni lake. Walimhoji siku mbili. Hawakumfukuza, walimwondoa kwenye kesi zote za faragha, wakaifungia ripoti kabatini ili baraza lisiaibike. Huruma hiyo ndiyo iliyotuua. Laiti wangeitangaza, mtaa ungejua kwamba ni uzembe. Kwa kuwa waliificha, mtaa ulipata vipande vitatu tu: Sekunde kahojiwa, shahidi hayupo, na Sekunde ana hedifoni mpya.

Hizo mpya, basi. Aliendelea na kazi, na kazi ilikuwa masikio. Akaniambia, "Mwalimu, safari hii nataka za kufunga. Tutazipima kabla ya kuzilipia." Alisema "tutazipima". Nimelifikiria sana neno hilo.

Tulikwenda kwa fundi anayeitwa Mama Waya. Duka lake lina upana wa mlango mmoja, na hedifoni zinaning'inia ukutani kwake kama popo. Ni mwanamke mnene, mcheshi, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Mwanawe alipita darasani kwangu.

"Karibu shemeji, karibu Mwalimu. Za kusafiria? Hizi hapa mdundo wake utakutoa meno."

"Sitaki mdundo," mume wangu alisema. "Nataka zisizovuja."

"Kila mtu huniuliza mdundo, shemeji yangu unaniuliza kuvuja. Unanunua hedifoni au tangi la maji?"

"Mtu akikaa hapa," akaligusa bega lake, "asisikie hata herufi."

"Basi nunua kaburi. Hilo ndilo lisilovuja."

Nilimkazia macho Mama Waya ili anyamaze. Lakini mume wangu alikuwa akimtazama kwa makini, kama mteja aliyeelezwa sifa ya bidhaa. "Una uhakika?" akamuuliza. Mama Waya akageuka kushusha hedifoni ukutani.

Tulikubaliana tuchukue jozi moja moja nyumbani, tujaribu siku chache, isiyofaa irudi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi niliandaa sebule. Mume wangu alikuwa amepima kiti cha treni kwa utepe, nami nikaweka viti viwili kwa umbali uleule, bega kwa bega. Nilizima friji, nikatoa betri kwenye saa ya ukutani, nikafunga madirisha. Nilitaka kimya cha treni iliyosimama. Safari hii hesabu ilikuwa hiyo. Swali lilikuwa tucheze sauti gani. Rekodi za baraza alikataa hata kuzigusa. Muziki haukufaa, kwani kinachoponza ni maneno. Mwishowe nikachukua kitabu cha kidato cha tatu, nikasoma ukurasa mmoja kwenye kinasa sauti, sura ya mawimbi: sauti haiwezi kusafiri mahali pasipo na kitu. Kwa hiyo sauti tuliyoipima ilikuwa yangu.

Jozi ya kwanza ilikuwa kubwa kama bakuli mbili. Haikuvuja. Lakini haikukunjika, haikuingia kwenye mkoba, na baada ya nusu saa iliubana mkono wa miwani hadi ukaacha alama kwenye fuvu. Ni ya mtu wa kukaa studio, si ya mtu wa kushuka na kupanda. Ikarudi. Ya pili ilikunjika ikaenea kiganjani, nyepesi, nikaipenda. Lakini ilikaa juu ya sikio badala ya kulizunguka. Alipoiwasha nilijisikia nikisoma toka kichwani mwa mume wangu, sauti ndogo, kavu, kama ya mtu aliyefunikwa mchanga akaendelea kufundisha.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Kiasi gani?"

"Kila neno."

Akaandika kwenye daftari. Ya tatu ilikuwa na sifongo laini inayozunguka sikio lote, na tulidhani tumepata. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: miwani. Ule mkono mnene wa fremu uliinua sifongo, ukaacha ufa mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kwenye ufa huo sauti yangu ilipita bila haya. Akivua miwani, kimya. Akivaa, napita. Jumatatu yake alibadilisha fremu, ile niliyompigia kelele miaka kumi na tano. Ya nne haikuwa na waya. Ilikaa vizuri na haikuvuja, lakini aliikataa. "Kitu cha kupita hewani sitaki tena," alisema, nami sikubishana naye, ingawa kisayansi ningeweza.

Ya tano ndiyo hizi nyeusi. Zina waya unaochomoka, bawaba za kukunjia, sifongo nzito inayolala juu ya fremu nyembamba bila kuinuka. Tena zina faida niliyopaswa kuijua tangu mwanzo: kwa kuwa zinazuia kelele za nje, mtu hana sababu ya kupandisha sauti, na sauti ikiwa chini, cha kuvuja hakipo, na masikio yanapona. Nilikaa bega kwa bega naye dakika kumi na moja kamili.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akavua, akashusha pumzi. Nilidhani tumemaliza. Lakini aliinuka, akaleta zile za kwanza, zenye matundu, akaketi tena. "Na hizi tuzipime," akasema. "Kwa ajili ya kumbukumbu." Akazivaa, akaweka sauti pale alipokuwa akiiweka siku zote.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia hata nilipogeuza ukurasa.

"Unasikia?"

"Kidogo," nilisema.

Alinitazama. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kusikia jinsi watu wanavyojibu. Kisha akainama, akaandika kwenye daftari neno nililompa: kidogo.

Hivyo ndivyo hedifoni zilivyopatikana. Anayejua njia nyingine aandike ya kwake.

Kuanzia hapo mume wangu aliwavaa watu masikioni bila kumdhuru mtu. Lakini za kufunga zina tabia yake. Zinapoizuia dunia isiingie, zinamfungia mvaaji pamoja na mwili wake. Akimeza mate anasikia mlango ukifungwa. Damu yake anaisikia ikitembea. Wiki ya pili alinikuta napanga daftari akasema, kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, kuna mtu anapumua humu."

"Ni wewe," nilimwambia. "Sifongo inafunga tundu la sikio, sauti ya mwili haina pa kutokea. Ziba masikio kwa vidole, utasikia vilevile."

Akaziba. Akasikiliza kwa muda mrefu. "Ni kweli," akasema. "Lakini mimi sipumui hivyo. Mimi sipumui kwa kukatika."

Sikuwa na mchoro wa jambo hilo. Toka siku ile, treni ilipokaribia makutano, alizima rekodi akabaki amevaa. Mwenzake wa meza ya pili, aliyepanda behewa lilelile, alinisimulia. Sekunde alikuwa akikaa dakika zote kumi na moja, waya umechomekwa mahali pasipo na sauti, midomo ikitikisika. Watu wakasema anazungumza na aliyemuuza. Hakuwa akizungumza. Alikuwa akihesabu, na siku moja alinionyesha daftari. Kila siku ya kazi ina mstari wake: tarehe, kisha kimya, sekunde mia sita na sitini. Au mia sita na arobaini, treni ya mizigo ikiwahi. Alikuwa akimwandikia kumbukumbu Shahidi wa Nne, ambaye sasa hakuwa na la kusema ila hilo. Kuna siku chache ameandika kitu kingine, mstari mmoja mmoja. Hizo kurasa nimezitoa kwenye daftari na hazisomwi na mtu.

Mtaani nilipita kichwa juu. Hospitali walisema presha, na presha ndiyo iliyomchukua, Jumatano saa kumi jioni, wodini, mimi na dada yake tukiwa kando. Hakujitupa popote, kama mnavyosema sokoni. Alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe.

Baada ya mazishi nilifungua droo yake. Chini kabisa nilikuta nakala ya mahojiano yale yaliyofungiwa kabatini. Aliipataje sijui; ilichapwa na mwenzake wa meza ya pili, ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi, mabano na yote. Nilisoma nikiwa nimesimama. Katika ukurasa wa nne mwenyekiti anauliza: "Nani alikushauri ununue hedifoni za aina ile?" Chini yake kuna mabano: kimya, sekunde kumi na nne. Halafu jibu: "Hakuna. Nilichagua mwenyewe."

Niliketi mbele ya saa ya ukutani nikazihesabu hizo kumi na nne. Jaribuni. Ni nyingi mno. Mtu anaweza kutaja jina la mkewe, cheo chake na shule anayofundisha, na sekunde zikabaki.

Siku hizi napanda treni ile mara mbili kwa wiki, naenda kusaidia kutunga mitihani. Ninavaa hedifoni hizi. Watu wanaoniona nimefumba macho kwenye makutano wamepata hadithi mpya, kwamba mjane anawasikiliza maiti. Ninachokisikia ni damu yangu. Nimefundisha jambo hilo kwa miaka thelathini na moja na halijabadilika kwa sababu ya mtu mmoja kufa. Inakatika wakati mwingine, kama pumzi ya mtu aliyelia akaomba maji. Ni damu yangu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ni mshona nguo, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Mwezi uliopita alikuja nyumbani, akaziona mezani.

"Wifi, zitoe hizi ndani. Zichome. Wanangu wanaambiwa mjomba wao aliuza mtu, na wewe unatembea na bei yake kichwani!"

Nilimpa risiti, nikampa daftari la majaribio, nikampa nakala ya mahojiano. Alivaa miwani akasoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Mbona risiti ni ya zile za pili," akasema. "Hizo za kwanza, zilizoleta balaa. Hapa kaka anasema alijichagulia."

"Alisema uongo."

"Kaka yangu? Uongo? Mbele ya baraza?"

"Mara moja. Zile nilizichagua mimi. Nilimchorea na mchoro."

"Wewe, wifi? Na fizikia yako yote?"

"Na fizikia yangu yote."

Akavua miwani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Miaka minne mtaa unamla nyama angali mzima. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye."

"Na sasa?"

"Sasa naandika. Jina lake litasafishwa, na la kwangu liandikwe panapostahili."

Alikaa akizigusa sifongo za hedifoni kwa kidole, akizibonyeza na kuziacha zijae tena. Halafu akaniuliza kile ambacho najua na ninyi mtauliza: kama katika miaka yote ile, sebuleni, mezani, kitandani, tuliwahi mimi na yeye kulisema hilo la mchoro.

Sikumjibu wifi. Na ninyi siwajibu.